Masale Matatu ya Kona ya Chini

Kila siku, kabla jua halijachomoza, Salvina alikuwa ameshaikanyaga njia ya maji mara mbili. Alibeba ndoo yake, akapanda hadi barabarani, akazunguka shamba la jirani, kisha akashuka kupitia uani kwa baba yake mdogo, Theodory, mpaka kwenye mfongo. Mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu ili kuleta maji ya mto mashambani. Kwenda na kurudi ilimchukua nusu saa. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba maji yenyewe aliyasikia kutoka kwao. Mfongo ulipita chini ya shamba la baba mdogo, hatua chache tu kutoka kona ya shamba lao. Ila katikati palisimama masale.

Pale Kirua Vunjo, mlimani juu ya Moshi, masale hayapandwi kwa ajili ya kupamba. Majani yake marefu ya kijani ndiyo mpaka wa kihamba, na kihamba ndicho shamba la ukoo lenye nyumba, migomba, kahawa na makaburi. Masale yale yalipandwa na marehemu babu yake Salvina siku alipowagawia wanawe ardhi. Upande mmoja alimpa Thadeus, kifungua mimba, ambaye ndiye baba yake Salvina. Upande wa pili alimpa Theodory, kitinda mimba, aliyebaki na nyumba ya wazazi na kumtunza mama yao, Bibi Mektrida, kama desturi inavyotaka. Masale hayarukwi wala hayang'olewi. Mtoto wa Kirua hufundishwa hivyo kabla hajajua kusoma.

Salvina alikuwa na miaka kumi na miwili, na Kirua hakuipenda hata kidogo. Alichukia baridi ya Julai, tope jekundu, moshi wa kuni, na mizigo ya majani ya ng'ombe iliyompinda shingo. Kila Desemba, shule zikifungwa, alikwenda kwa shangazi Violet, Moshi mjini, ambako maji yalitoka bombani na barabara ilikuwa ya lami. Akirudi, alinuna wiki nzima.

"Bibi, mimi nikikua sikai huku," alisema siku moja. "Huku hakuna kitu. Watu wanazeeka tu na kuzikwa."

Bibi Mektrida alikuwa anamenya ndizi. Alicheka mpaka kisu kikasimama. "Na hao wa mjini, mjukuu wangu, wakifa huwa wanapelekwa wapi?"

Salvina akachukua ndizi moja, akaanza kumenya. Alijua kila gari lililopanda na jeneza lilitoka wapi.

Novemba ya mwaka 1997 Salvina alichelewa shule siku tatu mfululizo, na siku ya tatu mwalimu wa zamu alimchapa mbele ya mstari. Jioni ile alishuka kwenye kona ya chini na jembe. Baba hakuwepo. Kahawa ilikuwa imekosa bei, kwa hiyo alifanya kibarua kwenye ghala la mbao mjini na kurudi Jumamosi tu. Mama alikuwa jikoni. Salvina akang'oa masale matatu ya mwisho, yale yaliyosimama karibu kabisa na mfongo, na mara moja njia ikawa wazi. Hatua kumi, ndoo imejaa.

Kisha hofu ikamshika. Mtu akisimama nyumbani juu, pengo lile angeliona. Akafikiri kidogo, akayachukua masale yale matatu na kuyachomeka hatua mbili ndani ya shamba lao, mbele ya pengo, upande wa juu wa mgomba wa mshare, ndizi ya kupika, uliokuwa na mkungu mchanga. Alipopanda juu na kugeuka kutazama, mstari ulionekana mzima. Alijiona mjanja kweli. Watu wazima husema njia ya mwongo ni fupi, lakini jioni ile Salvina alifurahia ufupi wake tu.

Njia ile aliitumia siku tisa. Siku ya kumi ikaanza mvua, ile mvua ya El Nino ambayo kila mtu wa umri ule anaikumbuka. Ilinyesha Krismasi, ikanyesha mwaka mpya, ikanyesha mpaka migomba ikalala chini. Maji ya paa yalitosha kila kitu, kona ya chini ikageuka tope la magoti, na hakuna mtu wa nyumbani kwao aliyeshuka tena huko. Isale, yaani moja ya masale, ni mmea usiotaka kubembelezwa. Ukiuchomeka popote, unashika. Yale matatu yalishika mizizi, yakachipua, na nyasi zikaziba pengo.

Salvina alikumbuka kuyarudisha. Alikumbuka mara nyingi, hasa akiwa kitandani, na kila mara alijiambia kesho.

Mwezi wa sita, tope lilipokauka, Thadeus alishuka kukata mkungu wake. Akakuta mgomba wa mshare umesimama upande wa ndugu yake. Alihesabu masale, akapima kwa miguu, akapima tena. Hatua mbili. Mtu wa mahali penye ardhi tele anaweza kuzicheka hatua mbili. Huku mlimani, ambako shamba la babu mmoja hugawiwa wana, na la wana hugawiwa wajukuu mpaka mtu anabaki na mahali pa kulala tu, hatua mbili ziliwahi kuwatenganisha watu hadi kaburini.

"Theodory," alisema, akisimama uani kwa mdogo wake na panga mkononi. "Wakati wa mvua wewe ndiye uliyezibua mfongo pale kwenye kona."

"Ni mimi, kaka. Ulikuwa unataka kubomoka."

"Na jembe lako likafika mpaka kwenye masale ya baba."

Theodory alimtazama kama mtu asiyeelewa Kiswahili wala Kichagga. Alipoelewa, alielekeza kidole kwenye nyumba ya wazazi. "Kaka, mimi nilale na mama yetu nyumba moja, nikaibe mpaka wa baba yetu?"

Wazee wa ukoo waliitwa Jumapili baada ya misa. Mzee Filemon, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alikagua kona, akarudi akaketi. Theodory aliapa mbele ya kaburi la baba yake. Thadeus alisema hata mwizi ana mdomo wa kuapa. Ndipo Mzee Filemon akawageukia watoto waliokuwa wakigawa mbege, pombe ya ndizi, kwa vibuyu.

"Nyie ndio mnaozurura huko chini. Mmemwona mtu pale kwenye masale?"

Salvina aliweka kibuyu chini. Alimtazama baba, akalitazama panga lililokuwa kando yake, akamtazama Bibi Mektrida aliyekaa peke yake mlangoni. Alijua kwamba neno moja lingetosha.

"Hapana, babu," alisema. "Sijamwona mtu."

Wazee waliamua Theodory ayarudishe masale mahali pake kwa mkono wake, na atoe mbuzi wa faini. Theodory alisimama, akasema hagusi masale, wala hatoi mbuzi wala kuku, kwa sababu kufanya hivyo ni kukubali kosa. "Siwezi kuishi mahali ninapoitwa mwizi, hata kama kitovu changu kimezikwa hapa," alisema. Wiki hiyohiyo alikodi shamba la mpunga Chekereni, huko chini tambarare, akafunga virago. Mkewe, mama mdogo Kornelia, alibeba mtoto na sufuria. Na kwa kuwa mama hukaa na kitinda mimba wake, Bibi Mektrida naye alibeba mkeka wake. Thadeus alimsihi abaki kwake.

"Nile chakula kwako wakati umemfukuza mwanangu?" Bibi alimjibu. Kisha alikwenda kwenye kaburi la mumewe, akang'oa magugu machache, akaondoka bila kugeuka.

Nyumba ya wazazi ikafungwa kwa kufuli, na masale yakabaki yalipokuwa. Sasa Salvina angeweza kupita popote akachote maji, hakuna wa kumzuia, lakini alizunguka njia ndefu kila siku. Kwenye ua ule mtupu alipita mbio. Hakusikia kikohozi cha Bibi wala harufu ya ndizi zake za kuchoma. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba kile alichokiita "hakuna kitu" kilikuwa kitu, na yeye ndiye aliyekiondoa. Alikonda. Mama alidhani ni minyoo, akampa dawa.

Mwezi wa tisa, Jumamosi, Mama Gidioni, mwanamke jirani aliyefuata mchele Chekereni na kuuza sokoni, alipitia kwao na habari mbaya.

"Mama yenu ni mgonjwa," alimwambia Thadeus. "Malaria. Watu wa mlimani mbu wa kule hawawabembelezi. Zahanati wamemtibu, imerudi mara tatu. Sasa hata uji hanywi. Kila asubuhi anataka atolewe nje ageuziwe huku mlimani. Anasema hataki kufia ugenini."

"Nitamtumia dawa," alisema Thadeus akiwa ameinamisha uso. "Kwenda siendi. Mwenye nyumba kule anajua alichonifanyia."

Mama Gidioni alipoondoka, Thadeus alichukua tupa akaanza kunoa panga ambalo tayari lilikuwa kali. Salvina alisimama mbele yake.

"Baba, baba mdogo hakuhamisha masale."

Tupa ilisimama.

"Ni mimi. Nilitaka njia fupi ya maji. Niliyang'oa, nikaogopa, nikayachomeka kule ili usione pengo." Machozi yalianza kumtoka, lakini alisema mpaka mwisho. "Mzee Filemon aliponiuliza, nilimdanganya."

Alitegemea fimbo, na kwa kweli aliitamani. Baba hakumpiga. Aliliweka panga chini, akakaa juu ya gogo, akaficha uso kwa viganja, na Salvina akaona mabega yake yanatikisika. Hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata babu alipozikwa.

Asubuhi, Thadeus alishuka kwenye kona, akachuma majani mawili ya isale. Moja alilishika mwenyewe, jingine akampa Salvina. Mmea uleule ulioweka mpaka ndio watu wa mlimani wanaoutumia kuomba msamaha, na anayeletewa isale haruhusiwi kukataa, hata kama amekosewa namna gani. Lakini lazima liletwe na mkosaji mwenyewe, kwa mkono wake.

Chekereni kulikuwa na joto, na mashamba ya mpunga yalienea hadi macho yakachoka. Walimkuta Theodory akiwa amezama kwenye tope la jaruba. Alipomwona kaka yake alinyooka, akakaza jembe. Kisha aliona majani.

"Mdogo wangu," alisema Thadeus, akilinyoosha jani. "Nilikuita mwizi. Mwizi yumo nyumbani mwangu, na mimi sikumtafuta huko kwa sababu nilikuwa nimeshamaliza kukuhukumu wewe."

Salvina alipiga magoti kwenye tope, akaeleza yote kwa mara ya pili. Ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Baba mdogo alisikiliza. Akayatazama majani, akautazama mlima, na Salvina akafikiri labda leo desturi itavunjwa. Mwishowe alinyoosha mkono, akapokea jani la kaka yake, kisha lile la Salvina.

"Ungeniomba njia," alimwambia, "ningekupa siku ileile."

Maneno hayo yalimuuma Salvina kuliko kiboko chochote. Hakuwahi kufikiria kuomba.

Bibi Mektrida alikuwa ndani, juu ya mkeka, amebaki mifupa na macho. Walipomwambia, alimshika Salvina mkono. "Maji ya mfereji wa hapa yanatoka mlimani kwetu," alisema kwa shida. "Kornelia huniletea ninawe uso. Lakini siyo sawa. Nirudisheni."

Walimrudisha siku hiyohiyo, wana wawili wakimshika huku na huku nyuma ya pikapu ya mchele. Kufuli ikafunguliwa, moto ukawashwa. Bibi aliishi siku kumi na moja. Siku ya nne aliomba abebwe hadi kona ya chini. Pale, mbele yake, Salvina alichimba mashimo matatu na kuyarudisha masale mahali babu alipoyapanda, Mzee Filemon akitazama. Alikuwa ameitwa makusudi, na Salvina alishamkiria uongo wake.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Kumi na mbili ni umri wa kukosea. Kuchoka njia ya maji si kosa, hata mimi niliichoka. Kosa ni kuficha. Kitu ulichokificha hakikukaa pale ulipokiweka. Kilishika mizizi kama haya masale, na waliokuja kujikwaa ni watu wasio na hatia. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati kosa bado linang'oleka kwa mkono mmoja. Na mahali usipopapenda, usipadharau. Hujui ni nani anayeishi kwa kupatazama tu."

"Nimesikia, Bibi. Nisamehe."

"Nilishakusamehe Chekereni. Sasa nipandishe, baridi imeanza."

Alizikwa kando ya mumewe. Hakuna aliyemwambia Salvina kwamba yeye ndiye aliyemuua bibi yake. Wote walisema ni malaria, na ilikuwa kweli. Lakini Salvina alijua nani aliyempeleka kwenye mbu, na jambo hilo atalijua maisha yake yote.

Baada ya matanga, Theodory akiwa amerudi kabisa kwenye nyumba ya wazazi, yeye na Thadeus walishuka kwenye kona pamoja. Waliyaacha masale matatu yalipo. Juu yake kidogo, kwa makubaliano, walifungua kati ya masale mengine nafasi ya mtu mmoja kupita na ndoo, wakapanga mawe pande zote mbili ili watu wajue ni njia, wala mpaka haukusogezwa.

"Hii ni yako," alisema baba mdogo. "Pita."

Salvina alichukua ndoo. Kabla ya kupita alisimama, akamgeukia. "Shikamoo baba mdogo. Naomba njia."

"Marahaba," alijibu Theodory. "Pita, mwanangu."

Akapita, akachota maji, akarudi. Tangu siku hiyo, hata baba mdogo asipokuwepo uani, Salvina huomba njia kwanza.