Maharagwe ya Jovina

Tak. Tak. Gizani, Jovina alisikia maharagwe yakidondoka kwenye ungo. Mama yake, Speciosa, alikuwa anachagua mbegu kabla ya kwenda shambani.

"Shikamoo, mama. Niazime maharagwe kidogo."

"Marahaba. Ya nini alfajiri hii?"

"Ya kompyuta."

Mama akacheka, akawasha kibatari.

Jana, kwenye kituo cha parokia pale Kasulo, Mwalimu Idefonsi aliwapa kazi: waandike programu ya kuhesabu herufi za namba zilizoandikwa kwa maneno, kuanzia moja hadi ishirini. Atakayepatia angepewa kiti pekee kilichobaki katika mafunzo ya kompyuta ya likizo. Programu ya Jovina ilitoa 156. Ya Ndikuriyo, mvulana wa kambi ya wakimbizi, ilitoa 138.

"Rudi kambini!" Aristides alimzomea. "Mmemaliza kuni zetu, sasa mnataka na kompyuta?"

Darasa zima lilicheka. Jovina naye alicheka. Mwalimu akawanyamazisha, akawaambia wote wakahakiki majibu yao nyumbani.

Sasa Jovina alipanga maharagwe sakafuni, punje moja kwa kila herufi. Alipomaliza akahesabu: 138. Akarudia. Zilezile.

"Mama, kompyuta imeongeza!" Akaonyesha mstari wa kumi na moja. "Tazama, hapa na hapa pako wazi. Imehesabu mpaka nafasi kati ya maneno."

"Ehee! Mimi nikiruka shimo bila kutia mbegu, nitasema nimepanda?"

Jovina akautazama tena ule mstari. Mashine haikukosea. Yeye ndiye hakuiambia iruke nafasi. Ndikuriyo aliiambia.

"Nikisema Ndikuriyo amepatia, kiti cha mafunzo kimekwenda. Na watanizomea."

"Watakuzomea wewe leo. Yeye wanamzomea tangu aje." Mama akamfuta vumbi magotini, taratibu. "Mwanangu, kiti ukikipata kwa kunyamaza, hutakikalia kwa raha hata siku moja. Kompyuta utajifunza tu. Ukichelewa kusema kweli, kunakuwa kugumu."

Darasani, Aristides alikuwa amenyoosha mguu mlangoni ili Ndikuriyo asipite. Alipomwona Jovina akaukunja.

"Mpisheni bingwa wetu!"

Jovina akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akakivuta kile kiti, akakigeuzia mlangoni, aliposimama Ndikuriyo.

"Umerogwa?" Aristides akafoka. "Unampa mkimbizi?"

Wengine wakaanza kuguna. Mwalimu Idefonsi akaweka chaki chini, akamtazama Jovina. Jovina akamgeukia.

"Jibu la Ndikuriyo ndilo sahihi."