Laini ya Tangi la Maziwa

Kila asubuhi wanawake kumi na wawili hufika na makopo ya maziwa kwenye ua wa Mtaalamu. Hilo si jina lake. Majirani walimpachika jina hilo kwa sababu haiti fundi, kila kitu hutengeneza mwenyewe. Mke wake hupima maziwa, huyachuja na kuyamimina kwenye tangi la kupozea. Mitambo ni kazi ya mume.

Maziwa ya tangini yanatakiwa kukaa kwenye nyuzi nne za joto. Kwa hiyo walinunua kifaa kidogo cha kupima joto. Umeme ukikatika, kifaa hutumia betri yake ndogo kutuma taarifa kwa intaneti, mwenye tangi akaipata kwenye simu yake na kuwahi kuwasha jenereta. Ili kufanya hivyo kinahitaji laini.

"Tununue laini gani?" mke aliuliza.

"Ya kununua ya nini? Ninayo ya zamani kabatini."

Aliichomeka. Taa ya kijani ikawaka. Akaridhika.

Mwezi mmodi baadaye, siku ya Jumamosi, walikwenda harusini. Umeme ulikatika kutwa nzima. Simu ya Mtaalamu ilikaa kimya mfukoni. Waliporudi jioni, lita mia tatu zilikuwa zimeharibika.

Asubuhi wanawake walikuta maziwa yakimwagwa.

"Mwulizeni mama watoto," Mtaalamu aliwaambia. "Amechomoa waya wa kifaa apige pasi nguo za harusi."

"Pasi nilipiga Ijumaa, tena sebuleni," mke alisema.

Hakuna aliyemsikiliza. Mama Vidumu, mkubwa wao kwa umri, alibeba makopo yake. "Mimi natafuta tangi lisilopigiwa pasi," alisema. Wenzake wakacheka. Mke aliweka chini jagi la kupimia, akaingia ndani.

Jumatatu mke alimwita fundi wa mitambo ya kupozea, dada mmoja asiye na maneno mengi. Fundi alitoa laini kwenye kifaa, akaitia kwenye simu yake ndogo.

"Inadai namba ya siri," alimwambia Mtaalamu. "Mzee, kifaa hakina vidole vya kubonyeza namba. Hiki hakijawahi kutuma hata neno moja."

"Mbona taa inawaka?"

"Taa hiyo inaonyesha umeme tu. Nitajie namba."

Aliitaja kwa sauti ndogo. Fundi alibonyeza, akasoma.

"Hakuna bando. Uliweka la muda gani?"

"La siku saba."

"Basi hata bila namba ya siri, kingenyamaza wiki ya pili. Mtandao ulipimia wapi?"

"Getini. Kwa simu yangu. Ulijaa."

"Kifaa hakikai getini." Fundi aliingia nao chumba cha tangi, akafunga mlango wa chuma. Alijaribu laini za kampuni tatu ndani ya kifaa chenyewe. Moja tu ilishika. "Ukuta ni mnene. Halafu simu yako inashika mtandao wa kasi, kifaa hiki kinatumia ule wa zamani tu, na si kila kampuni bado inao. Pima palepale kinapokaa, kwa kifaa chenyewe."

Mtaalamu alitazama viatu vyake.

"Nenda kwa kampuni hii, uombe laini ya vifaa, si ya simu," fundi aliendelea. "Data yake ni kidogo, lakini unalipia mwaka mzima. Isajili kwa jina lako. Ondoa namba ya siri. Kisha zima umeme makusudi, uone kama taarifa inafika. Jaribu hivyo kila mwezi. Kwani hii ya zamani aliiweka nani?"

Mke alikuwa amesimama mlangoni.

Mtaalamu aliinua uso. "Mimi," alisema.

"Na pasi?" mke aliuliza.

"Haihusiki."

"Mimi najua. Wao ndio hawajui."

Kesho yake Mtaalamu aliwangoja wanawake uani. "Mke wangu hakuchomoa chochote," alisema. "Kosa lilikuwa langu, nami nikamsingizia mbele yenu." Safari hii hakuna aliyecheka. Angefurahi kama wangecheka. Kisha alikwenda kwa miguu hadi kwa Mama Vidumu, akayasema yaleyale. Mama huyo hakumkaribisha kiti.

"Nimesikia," alimjibu, akaendelea kukamua.

Laini mpya iliwekwa. Walizima umeme wakajaribu, taarifa ikafika kwenye simu mbili, ya mke na ya mume. Wiki tatu baadaye umeme ulikatika mchana. Mtaalamu alisoma taarifa akiwa sokoni, akarudi mbio. Alikuta jenereta inanguruma na mke anafuta mikono. Kipimo kilikuwa kwenye nyuzi nne.

Habari zilienea. Siku mbili baadaye Mama Vidumu alirudi na makopo yake. Mtaalamu alikuwa akiosha ndoo karibu na mlango. Mama alimpita.

"Mwanangu," alimwambia mke, "tangi linasoma ngapi?"

"Nne, mama."

"Haya, nipimie."

Mtaalamu aliinama, akaendelea kuosha ndoo.