Mshika Kamba

"Futa huyo!" Mzee Swalehe aligonga ukuta kwa bakora. "Huyo mshika kamba ni baba yangu!"

Ilikuwa Nachingwea, mwaka 1950. Kwa desturi yetu, mchumba hukandika upya nyumba ya wakwe kabla ya ndoa. Wenzangu walikandika wakaenda zao. Mimi, fundi rangi wa matrekta kwenye mradi wa karanga, tena msomi wa shule ya usiku, niliichora nchi yetu ukutani: vita vya Maji Maji, njaa iliyofuata, matrekta yanayong'oa msitu. Katikati, askari wa Mjerumani anavuta kamba, na mtu ananing'inia.

Mchumba wangu Mwamini ndiye aliyenisimulia. Aliyenyongwa ni babu yake mzaa mama. Aliyevuta kamba ni babu yake mzaa baba.

"Ukimwacha hapo, mke huna," alisema Mzee Swalehe, akaingia ndani.

"Usimfute, Isihaka," Mwamini alininong'oneza. "Bibi mzaa mama alikaa na jambo hili kifuani miaka arobaini."

"Nikikukosa je?"

"Anayeniozesha si baba. Ni mjomba."

Nilijua. Kwetu Umwerani mtoto ni wa mjomba. Lakini kitabu cha shule kilisema baba ndiye kichwa cha nyumba, nami nilikiamini kitabu. Nikachovya brashi kwenye chokaa.

Adhuhuri mjomba Kaimu akafika kutoka Narung'ombe kuja kutoa neno la ndoa. Aliutazama ukuta, hakukaa.

"Fundi, huyu anayening'inia nani?"

"Marehemu baba yako, mjomba."

"Kanyongwa na nani?"

Mwisho wa kamba palikuwa peupe.

"Kumbe baba yangu alijinyonga," alisema taratibu. "Ahsante kwa kunifundisha, msomi."

Mwamini akakimbilia jikoni, akarudi na mkaa, akanitia mkononi.

"Mrudishe. Sasa hivi, baba akiona. Nitakufuata popote, hata bila sherehe."

Mzee Swalehe akakohoa mlangoni. Mkono wangu haukuinuka.

"Mrudishe, mume wangu!"

Hakuwahi kuniita hivyo. Hakuniita tena.

"Funga nguo zako, mpwa wangu," alisema mjomba. "Twende kwetu."

Nilimchora mshika kamba, uso wake wote. Lakini ilikuwa kesho yake, na aliyesimama kunitazama ni Mzee Swalehe peke yake, ndoo ya chokaa mkononi.