Marehemu wa Jumatatu

Haya yalimpata rafiki yangu Bo-yeong, karani wa utumishi katika kiwanda cha vifungo kule Incheon, na yeye si mtu wa mzaha. Mzaha wote ninao mimi.

Alikuwa amehama nyumba. Mchana, saa ya mapumziko baada ya chakula, taa zilipozimwa kubana matumizi ya umeme na wenzake wakalaza vichwa mezani kama maboga sokoni, akafungua kompyuta abadilishe anwani yake. Mfumo ukamwuliza mabadiliko yaanze lini. Akaandika Jumatatu ijayo. Ukalia mlio mdogo, ukakataa: kuanzia Jumatatu, taarifa za marehemu hazibadilishwi.

Bo-yeong akatafuta ni nani aliyemwandikia kifo. Akakuta jina la Mi-ran, dada yake wa kazini, aliyetoka kula naye supu ya kimchi muda ule ule akimwambia, "Kula, mdogo wangu, umekonda."

Mi-ran alikuwa amelala meza ya pili, uso kwenye mto.

"Dada," Bo-yeong akanong'ona gizani, "umeniandika nimekufa. Umekosea tu, siyo?"

"Sijakosea."

"Basi futa."

"Haifutiki, nimejaribu. Inakubali kuhamishwa tu." Mi-ran hakuinua kichwa. "Ilikuwa kwenye jina langu."

"Ndiyo ukanipa mimi?"

"Nilianza na yule msimamizi mkali wa ghorofa ya chini. Ikakataa. Ilitaka mtu wangu wa karibu."

Kisha akageuza uso upande wa pili, akashusha pumzi, na punde Bo-yeong akamsikia akikoroma taratibu, kama mtu aliyekesha siku nyingi.