Mpelelezi wa Nani?

Fundi cherehani alikuwa akishona lasi kwenye gauni la bibi harusi mlango ulipogongwa. Mumewe, mlinzi wa ghala la vitambaa, alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku.

"Mpelelezi binafsi," alisema mwanamume mwenye miwani myeusi. "Marobota yamepotea ghalani. Nimekuja kupekua nyumba, kisha niondoke na mumeo."

Fundi alisikia "mpelelezi" tu. Hilo "binafsi" liliingia sikio hili likatokea lile. Chini ya meza kulikuwa na gunia la vitambaa vya wateja. Je, wakisema ni vya wizi? Akilini alikwisha kumwona mumewe yuko rumande.

Mume alitoka akivaa viatu, kamba hazijafungwa. "Niache niende, mke wangu. Serikali haibishiwi."

"Shemeji, serikali ipi hiyo?"

Alikuwa jirani yao, askari polisi, na beseni lake la nguo mkononi. Alimgeukia mgeni. "Kaka, nani kakutuma?"

Mgeni alikohoa. "Mwenye ghala ameniajiri."

"Basi kuuliza maswali, ruksa. Kupekua nyumba ya watu na kukamata, huna mamlaka hayo." Akawaambia wenye nyumba, "Huyu si polisi. Mnaweza kumjibu, mnaweza kukataa. Kama ana ushahidi, aulete kituoni tuuchunguze."

"Na mtu akisema yeye ni polisi?" fundi aliuliza.

"Muombe kitambulisho. Kisha piga simu kituoni uulize kama wanamjua."

Mgeni alivua miwani. "Nilitaka kumaliza haraka," alisema kwa aibu.

Wote walikwenda kituoni. Mpelelezi alitoa picha za kamera alizokusanya, zikimwonyesha mlinzi mlangoni. Polisi wakataka kuona mkanda mzima. Huko mbele kwenye mkanda, msimamizi wa ghala alionekana akipakia marobota kwenye gari lake. Kazi ya mpelelezi ilimsafisha mlinzi, maana ilifikishwa mahali pake, polisi.

Jioni moja baadaye, fundi alikuwa peke yake na watoto. Mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Mpelelezi! Fungua!"

Watoto wakamshika gauni. Hakugusa komeo.

"Mpelelezi wa nani? Pitisha kitambulisho chini ya mlango. Napiga simu kituoni."

Kisha akasikia viatu vikikimbia.