Sauti Zilizokatwa Lukonde

Kitakasasauti kilikuwa kidogo kama kiberiti, na kila mwaka Mwalimu Kasiani alianza somo la filamu za hali halisi kwa kukionyesha. Alimsimamisha mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu dirishani, akamrekodi akijitambulisha huku mtambo wa kusaga kinywe, yale madini meusi ya betri, ukinguruma ng'ambo ya barabara. Kisha akabonyeza kitufe cha kijani. Mngurumo ukatoweka, na majogoo, na kikohozi cha msemaji. Kifaa kilishona hata picha, kifua kikaonekana kimetulia. Darasa likapiga makofi.

Kwa miaka kumi na mmoja wanafunzi wake walikuwa wamewahoji wazee karibu wote wa Lukonde. Sasa Alhamisi ilikuwa inakuja tume ya kuamua kama vumbi la kiwanda ndilo lililoua watu, na kama waliobaki watatibiwa. Wanasheria wa kiwanda walikwisha kuleta utetezi wao: filamu za shule yenyewe. Wazee mia mbili wanaongea, na hakuna anayekohoa hata mmoja. Mwalimu aliposikia hayo aliona aibu, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

"Mwalimu," akauliza Eufrasia, msichana wa dawati la mbele, "vinavyokatwa vinakwenda wapi?"

"Vinatupwa."

"Vinatupwa wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwalimu mzima, kazi yake kuwafundisha watoto wa watu kudadisi, na kisanduku cha mezani kwake hajakidadisi! Wakafungua kumbukumbu ya kifaa. Vipande vyote vilikuwamo, kila kimoja na tarehe yake, kwa sababu kitakasasauti kilijifunza kukata kwa kurudia kusikiliza vipande kilivyokwisha kuvikata.

Wakavifungulia. Kikohozi, kikohozi kingine, kingine tena.

"Huyo babu Desderi," akasema mvulana mmoja. "Alikuwa anamalizia hivyo, kama anapiga mluzi."

"Mama mkubwa wangu huyo."

"Bibi," akasema Eufrasia, akainamia dawati.

Waliwatambua mmoja mmoja, na wengi wa hao walikwisha zikwa. Darasa lilijaa marehemu wasiosema neno.

Kisha kikaja kikohozi kikavu, mara mbili. Mwalimu akashika ukingo wa meza. Alikuwa Pelagia, marehemu mkewe. Tarehe ilikuwa miaka miwili kabla ya siku ambayo Mwalimu alimtajia daktari kuwa ndipo ugonjwa ulipoanza. Hakukusudia kudanganya. Alikuwa ameitazama filamu ya mkewe nyumbani, akamwona mke mzima anayecheka, akaiamini kuliko masikio yake. Baada ya kikohozi ikasikika sauti ya mwanamume, nayo ilikatwa siku ile: "Kunywa maji, Pela. Tutaisafisha."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini Pelagia hakuficha kitu. Alikohoa waziwazi mbele ya mumewe. Mwalimu Kasiani alilia mbele ya wanafunzi wake, na hakuna aliyecheka.

Alipotulia, alikifungia kitakasasauti kabatini, akakaa kwenye kiti cha wahojiwa, kilekile alichokalia mkewe.

"Eufrasia, simamia kamera. Vipande hivi tutavipeleka Alhamisi, na tume itataka kumjua aliyebonyeza kitufe. Mimi ndiye."

Msichana akaweka kamera sawa, akahesabu mpaka tatu.

"Naitwa Kasiani," akaanza Mwalimu. "Nafundisha hapa Lukonde, na kwa miaka kumi na mmoja..."

Kikohozi kikamkatiza. Kilikuwa kikavu, mara mbili, na kilitoka nyuma ya kamera.

"Samahani, Mwalimu," akasema Eufrasia, akipapasa begi lake kutafuta maji. "Vumbi tu. Turudie?"

Mwalimu alimtazama mtoto yule wa miaka kumi na sita.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Usikate."