Fulana ya Kutafuta Figo

"Vua hiyo fulana kabla mama hajatoka."

"Sivui."

Dereva akatupa macho huku na huku, utadhani mchumba wake kaja uchi. Sindano, fundi cherehani aliyekuja kutambulishwa ukweni, alikuwa na maandishi makubwa mgongoni: RAFIKI YANGU ANATAFUTA MTU WA KUMPA FIGO. NIPIGIE. Chini yake, namba ya simu.

"Leo ni siku yetu, Sindano."

"Pasi ndiye anayenyoosha kila nguo ninayoshona. Figo zake zote mbili zimekufa. Ninyamaze ili nionekane mwali?"

"Mama hataki aibu. Kaniambia kwa kinywa chake. Chagua: mimi au fulana."

"Fulana haijawahi kunipa masharti."

Mlango wa sebule ukafunguka, mama mkwe akatokea. Sindano akamwamkia kwa adabu zote, kisha akageuka polepole, makusudi kabisa, mgongo ukasomeka neno kwa neno. Akaondoka. Moyo ulimuuma vibaya, lakini hakugeuka tena.

Kwenye chumba chao cha kazi, Pasi alikuwa ameegemea meza ya kunyooshea, uso umevimba.

"Umeachwa kwa sababu yangu?"

"Nani kaachwa? Nimeacha mimi."

"Na kwa fulana zote tulizogawa, hakuna hata mtu mmoja aliyepiga."

"Watapiga. Wasipopiga nashona nyingine, mpaka mji mzima uvae."

Mara seremala mmoja akaingia, vumbi la mbao kichwani, simu mkononi.

"Nimeelekezwa hapa kwa wenye fulana za figo. Nyinyi ndio mnaonitesa? Napigiwa nikiwa juu ya ngazi, napigiwa nikiwa chooni! Figo, figo! Mimi natengeneza vitanda!"

Sindano akachomoa fulana kwenye rundo, akaikagua namba. Sita ilikuwa imebandikwa kichwa chini, imekuwa tisa.

"Pasi!"

"Siku ile nilikuwa nimetoka kusafishwa damu, naona mawenge. Ya kwanza nikakosea, zilizobaki nikaiga ya kwanza."

Wakacheka mpaka Pasi akakaa chini.

"Waliokupigia uliwajibuje?" Sindano akamuuliza seremala.

"Niliwatukana, wakakata. Ila leo kuna mama mmoja, kila nikimtukana anasema, 'Pole baba, lakini mgonjwa yuko wapi?' Kanishinda. Mpigie mwenyewe."

Sindano akapiga kwa simu ile ile.

"Haya, mwenye matusi, umetulia?" sauti ikauliza.

Sindano aliijua sauti hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe, mwanangu! Namba nimeisoma mgongoni ulipokuwa unatoka. Nimemwomba mwenzako anipe yako, kaninyima."

"Lakini mama, si ulisema hutaki aibu?"

"Nani, mimi? Aibu ni yake, kanivisha mimi. Sikiliza. Nina figo mbili na afya ninayo. Nipeleke nikapimwe."

"Atakataa."

"Nilimzaa mimi, hakunizaa yeye."

Vipimo vikakubali. Sindano alipoingia wodini baada ya upasuaji, Pasi na mama walikuwa vitanda jirani, wanabishana nani kashonwa vizuri. Nyuma yake akasikia mtu akikohoa. Dereva.

"Nilimsingizia mama," akasema. "Niliogopa watu watanicheka."

"Geuka uende zako."

Akageuka. Mgongoni kwake: NATAFUTA MSAMAHA. NIPIGIE. Na namba yake.

"Nani kakubandikia hiyo?"

"Mimi," Pasi akasema kwa sauti hafifu kitandani. "Kabla sijaja kupasuliwa. Na safari hii sita nimezihakiki."

Kicheko kilimfika Sindano kooni, akakimeza. Hasira bado alikuwa nazo, na bado alimpenda.

"Utaivaa kazini, abiria wakusome. Utaivaa mpaka nipige."

"Utapiga lini?"

Mama akainua kichwa kidogo kutoka kwenye mto.

"Usiwe na haraka naye, mwanangu," akamwambia Sindano. "Mwache aivae mpaka ipauke."